Hadithi Inayoanzia Barazani

Habari hii nitaisimulia kuanzia mwanzo, na nitaifuata kama ilivyokwenda: asubuhi kabla ya mchana, moto kabla ya moshi. Tena kila mahali nitasema ni nani aliyeona. Najua wasomaji wanapenda hadithi inayowadaka kwa kishindo katikati ya ugomvi. Lakini nimemwona mwanamke akitolewa nyumbani kwake kwa hadithi ya namna hiyo, na tangu hapo kila msimulizi anayeingilia katikati namtazama kwa jicho kali.

Msimulizi ninayemsema ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara: kioo kikubwa chenye ufa kwenye kona, mabunda ya rasta yaliyotundikwa kwenye msumari, ndoo ya maji ya moto, benchi la wanaosubiri, na kiti kimoja cha anayesukwa. Huanza kichwa kwa nyuma, kisogoni, akija mbele. Mteja huinama mpaka kidevu kikagusa kifua, na kwa muda mrefu haoni kitu isipokuwa magoti yake. Sauti humjia kutoka juu ya kichwa chake. Hawezi kugeuka amwangalie msemaji usoni, kwa kuwa nywele zake zimeshikwa.

Hapo ndipo msusi anaposimulia, na hadithi zake nazo huanza kisogoni. Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyempa jina la Mkia, maana kila habari huishika mkiani. Alikuwa na sababu. Siku moja ya joto mteja alizimia kwenye kiti cha kinyozi huyo, naye akachukua kopo akammwagia maji usoni. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba kinyozi kammwagia mteja maji usoni. Akaja saluni kwa hasira, mashine yake ya kunyolea mkononi.

"Wewe dada, kwa nini unanichafulia jina?"

"Nimekuchafulia nini, kaka yangu? Maji hukumwagia?"

"Nilimwagia! Lakini alikuwa amezimia!"

"Sasa si umemwagia? Mbona tunakubaliana halafu unapiga kelele?"

Wanawake kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akadondosha kitana. Mimi sikuona la kuchekesha. Ukiacha siku moja nitakayoisimulia, sijawahi kumkamata Mkia akisema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Mwongo unaweza kumsuta kwa neno lake. Huyu kila neno lake ni la kweli. Kilichopotoka ni mpangilio, pamoja na mahali anapokusimamisha ili utazame.

Sasa wifi yake. Mdogo wake Mkia, fundi wa majokofu, alioa fundi wa mapazia, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Waliishi na mama mkwe, mjane, katika nyumba ya familia iliyo upande wa pili wa barabara, mkabala na saluni. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani, meza ya kukatia, vitambaa vya watu vimetundikwa ukutani.

Kosa la bibi harusi huyo lilikuwa kichwani mwake. Alinyoa. Tangu siku alipoingia katika ukoo ule hakuwahi kukalia kile kiti. Kila akiona nywele zimeota alikwenda kwa kinyozi wa mlango wa pili, akatoka na kipara chake kinang'aa, akapita mbele ya saluni akisalimia kwa adabu zote.

"Hivi wifi yako ana nini na wewe?" wateja walimuuliza Mkia. "Nyumbani kuna msusi, yeye anakwenda kunyolewa na mwanamume?"

Mkia alicheka nao, akiwavuta nywele. Kichwa cha wifi yake kilikuwa tangazo baya, na kilipita mlangoni kwake kila siku. Hakusamehe. Sijui kama hata alijaribu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la kupikia, na bati lake moja lilikuwa limeliwa na kutu. Mvua ikinyesha, maji yaliangukia jiko. Mke alimwambia mumewe zaidi ya mara moja: "Mwenzangu, lile bati. Mama ataanza kuingiza jiko ndani, na ndani kuna vitambaa vya watu." Mume akajibu, "Nikirudi safari." Alikuwa amepata kazi ya kufunga majokofu kwenye bucha la mji mwingine. Akaenda. Naomba bati hilo mlikumbuke.

Kwa mama mkwe, mke alisema hivi: "Mama, mvua ikinyesha usihangaike na mkaa. Niambie tu, nitakuchemshia kwa jirani."

"Mimi si mtoto," mama alijibu.

Siku yenyewe mvua ilianza asubuhi. Mke alikuwa ametoka kupeleka mapazia kwa mteja. Mama alitamani chai. Akawasha jiko bandani, maji yakaanza kudondokea mkaa, akalibeba jiko likiwaka mpaka chumba cha mbele, akaliweka kando ya meza ya kukatia, akarudi bandani kutafuta sufuria. Haya aliyaona yeye peke yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyeyasikia. Aliporudi, pindo la pazia lilikuwa limeshuka juu ya jiko na moto unapanda.

Mke alifika amelowa chapachapa, akakuta moshi, na ndani ya moshi mama mkwe anapiga moto kwa kanga yake. Akamshika mkono, akamtoa, akamkalisha barazani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipogeuka kurudi ndani, mama naye akamfuata. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku lenye nguo za marehemu mumewe. Mke akamtoa tena. Mama akaingia tena. Mara hii mke alimsukuma nje, akafunga mlango, akasukuma komeo kwa ndani. Akabaki na moto peke yake.

Wakati huo upepo ulikuwa unaitupa mvua barazani. Mama alibisha kwa ngumi mbili: "Nifungulie, mwanangu! Nifungulie!" Kelele zilimfikia Mkia, akaacha kitana kimening'inia kichwani mwa mteja, akavuka barabara, akasimama kwenye ngazi. Kutoka pale aliona mlango uliofungwa, mama yake amelowa, na moshi unatoka chini ya mlango. Hivyo aliviona kweli.

Kisha mlango ukafunguliwa. Mke akatoka uso mweusi kwa masizi, kiganja cha kulia kimevimba malengelenge, mkono wa kushoto umeshika sanduku. Akaliweka miguuni mwa mama mkwe wake na kukaa sakafuni kukohoa. Na hayo pia Mkia aliyaona, kwa macho yale yale, kwenye ngazi ile ile.

Jioni mama alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu asijue kwamba niliingiza jiko."

"Ni lako la kumwambia, mama," mke akajibu. "Mimi sitakutangulia."

Akaosha kuta, akazipaka chokaa, akashona pazia lingine badala ya lile lililoungua, na hakumpigia simu mumewe. Alidhani jambo la kweli linaweza kusubiri. Hilo nalihesabu kuwa kosa lake, kwa sababu upande wa pili wa barabara hakuna kilichosubiri.

"Wifi yangu kamfungia mama yangu mlango," Mkia alianza, na mteja aliyeinama akashtuka. "Mvua inanyesha kama nini. Mama kakalia ndoo, kalowa. Anabisha, anamwita 'mwanangu'. Ndani moshi unafuka. Kimya. Hajibu. Nimesimama pale pale, nimeona kwa haya macho yangu mawili."

"Yaani anapika?" mteja akauliza.

"Mimi nasema nilichoona. Moshi ulikuwa unafuka."

Hapo hadithi ilikwisha, mlango ungali umefungwa. Alimsimulia huyo, na aliyefuata, na wote waliokaa benchini. Mlango haukufunguliwa hata mara moja.

Mume aliporudi, dada yake alimpokea barabarani, begi bado liko begani.

"Pole na safari, mdogo wangu. Umeshaambiwa?"

"Nimeambiwa nini, dada?"

"Basi hujaambiwa," akasema, na akamshika mkono kama anavyoshikwa mfiwa.

Kwa hiyo mume aliingia nyumbani kwake akiwa na picha ya mama yake juu ya ndoo, na kila alichosema mke baada ya hapo kilisikika kama mtu anayejitetea. Moto? Moto gani, ukuta si huu mweupe? Kiganja? Fundi wa mapazia anashika pasi kila siku, lini hakuungua? Akamwendea mama yake.

"Mama, ilikuwaje?"

"Mimi nilikuwa nje, mwanangu," mama akasema, akiangalia vidole vyake. "Ya ndani siyajui."

Naye hakusema uongo! Nyumba nzima ilikuwa imejifunza kwa Mkia: kila mmoja alichagua pa kusimama, kisha akasema ukweli wa pale aliposimama.

Kikao kiliitishwa sebuleni. Aliyekiongoza ni baba mdogo, mdogo wa marehemu, mstaafu wa bohari aliyezoea kuuliza na kujibiwa. Mkia alisimulia kwanza. Alisimulia vizuri, sitamnyima sifa hiyo; shangazi mmoja alilia. Kisha baba mdogo akamgeukia mke.

"Haya, binti. Tueleze."

"Shikamoo, baba. Asubuhi ile kabla sijatoka, mvua ilikuwa—"

"Hatukuuliza mvua. Mvua tunaijua. Mlango ulifunga?"

"Nilifunga, baba, lakini kabla ya—"

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani."

"Mama mkwe wako yuko nje?"

"Yuko nje. Baba, naomba nianze asubuhi."

"Binti, mimi si mtoto wa kuhadithiwa. Swali langu lina ndiyo na hapana. Ulifunga. Umekiri. Basi."

Mke akamtazama mumewe. Mume akautazama mlango. Mke akamtazama mama mkwe. Mama alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga, ile ile yenye tundu la moto ambalo hakuna aliyejisumbua kuliuliza.

Ikaamuliwa arudi kwao "apumzike" mpaka atakapoitwa. Kila mtu sebuleni pale alijua kwamba asiyeitwa anaendelea kupumzika maisha yake yote. Alisimama, akakiondoa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akakifunga kwa shuka. Alipofika mlangoni alimgeukia Mkia.

"Wifi, umemaliza kusimulia?"

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Bado niko ndani. Hujanifungulia mlango nikatoka."

"Adabu, binti!" baba mdogo akasema.

Hakwenda kwao. Alipanga chumba nyuma ya soko, akaweka cherehani dirishani, na wateja wake wa mapazia wakamfuata huko. Mume alimpelekea nguo zake kwa mkono wa mtu mwingine. Nilipomwona fundi huyo wa majokofu siku zile, alikuwa anatembea kama mtu aliyesahau alichotumwa, na sikumhurumia.

Mkia alinona. Hadithi nayo ilinona. Kwanza alikuwa anasema "nimesimama pale". Baadaye ngazi zile zilimwia ndogo; katika hadithi akapanda barazani, akakalia ndoo yeye mwenyewe. Siku moja mama yake alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado imesimama, na benchini kulikuwa na mteja mpya, muuza vyombo, ambaye hakuijua habari. Mkia akamsimulia kwa sauti ya mama yake:

"'Nalia, nabisha, mikono inauma. Nasema, mwanangu, nifungulie, mimi ni mama yako, nakufa kwa baridi. Namsikia ndani anatembea. Najisemea moyoni, kumbe nimezaa mwana ili nije kufia barazani!'"

Mama alikuwa ameinama. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inamjia kutoka juu ya kichwa chake, inasema alichojisemea moyoni, na hakuwahi kujisemea kitu kama hicho. Moyoni, siku ile, alikuwa anasema jambo moja tu: nimeiunguza nyumba ya mwanangu. Haya aliyasema mwenyewe baadaye, mbele ya watu, nami nilikuwepo.

Muuza vyombo alisikitika. Akainama ili amwone mama usoni.

"Pole sana, mama. Kwani kabla ya hapo kulitokea nini, mpaka akakufungia?"

Swali dogo, la mtu asiyejua lolote. Wajuaji wote wa mtaa huu, na baba mdogo na bohari yake, hawakuwa wameliuliza.

"Niliingiza jiko ndani," mama akasema.

"Mama, inamisha kichwa," Mkia akasema haraka.

"Niliingiza jiko ndani likiwaka, pazia la watu likashika moto. Akanitoa. Nikarudi. Akanitoa, nikarudi tena. Ningekuwa mimi ningenifunga kamba."

"Mama! Inamisha, uzi utafumuka!"

"Ufumuke."

Akasimama. Ninawaomba wasomaji waelewe uzito wa jambo hilo. Hakuna mwanamke anayeondoka kwenye kiti cha msusi na kichwa nusu. Hata akifiwa, atajifunga kitambaa. Mama hakujifunga. Alitoka hivyo hivyo, upande mmoja mistari, upande mwingine kichaka cha mvi, akakatiza barabara ya maduka katikati ya mchana. Kinyozi alitoka nje, mashine inanguruma mkononi. Watu wakauliza, "Bibi, nani kakuacha hivi?" Naye akajibu kila mmoja bila kusimama, "Binti yangu."

Alifika nyuma ya soko, akabisha. Mkwe wake akafungua.

"Nimekuja kukwambia, mwanangu. Asubuhi ile mimi ndiye—"

"Hayo nayajua, mama. Mimi nilikuwemo." Mke alisema bila kupandisha sauti. "Kawaambie ambao hawakuwemo."

Akafunga mlango. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu. Toba iliyopelekwa kwa anayeujua ukweli tayari haina gharama, na mama yule alikuwa bado hajalipa kitu.

Akaenda kwa baba mdogo. Akamkuta na majirani barazani kwake, nami nikiwa mmojawapo.

"Shemeji, nimekuja kwa habari ya mlango."

"Mlango tulishaumaliza, shemeji yangu. Lakini kichwa hicho—"

"Kichwa kiache. Naanza asubuhi."

"Nenda kwenye jambo lenyewe basi. Ulipofungiwa—"

"Sijafika mlangoni!" mama akafoka, na mzee akajikuta ameketi. "Kaa usikilize. Mvua ilianza asubuhi. Banda linavuja."

Akasimulia yote, sufuria, kanga, sanduku, mpaka mlango ukafunguliwa na mkwe wake akatoka na masizi usoni. Baba mdogo hakuuliza swali. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Mume alikwenda nyuma ya soko kesho yake asubuhi. Aliyoyakuta huko yanajulikana kwa sababu soko zima lilisikiliza. Mke hakuacha kukanyaga cherehani.

"Nimekuja kukuchukua," mume akasema. "Niliporudi safari, dada alinipokea njiani—"

"Kabla ya hapo."

"Nilipokuwa kule, sikujua—"

"Kabla ya hapo."

Cherehani ikamaliza pindo moja, ikaanza la pili. Mwishowe mume akasema, "Uliniambia kuhusu bati."

"Ehe."

"Nikasema nikirudi safari."

"Sasa umeanza," mke akasema. "Umerudi safari siku nyingi. Bati liko wapi?"

Akaenda akalinunua. Banda limeezekwa upya, nimeliona. Mke bado hajahamia. Anasema anasubiri mvua inyeshe, aone kama linavuja. Mama amemaliziwa kichwa chake na msusi wa mtaa mwingine, na kila Ijumaa anakwenda nyuma ya soko kukunja mapazia. Huingia na kutoka, na mara nyingine hubisha na kuambiwa asubiri. Husubiri.

Na Mkia? Mngetegemea niseme ameona haya. Wiki haikuisha akawa na hadithi mpya. "Wifi yangu," alimwambia mteja aliyeinama mbele yake, mkono wake ukigawa nywele za kisogoni, "mara ya pili sasa kamfungia mama mlango. Mzee wa watu kaenda kwa miguu, jua la mchana, kichwa wazi. Kafunguliwa, kasema neno moja, kafungiwa. Waulizeni wa sokoni, waliona."

Kweli tupu. Waliona.

Mteja alikuwa binti wa shule ya ushonaji, kidevu kifuani, magoti tu mbele ya macho yake. Kutoka kule chini akauliza kwa upole, "Na kabla ya hapo, dada?"

Benchi lote likaangua kicheko. Mkia aliukaza ule msuko kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka binti wa watu.

"Inamisha kichwa," akamwambia.